Gavana na Fahali wa Chupa

Kabla hujaniuliza kwa nini kila mkutano mimi hukaa safu ya mbele, vuta kigoda, unywe maziwa. Chai sina. Sisi Wasabato hatunywi chai, tunailima tu. Tunaamka na umande, tunachuma majani mawili na chipukizi, kampuni inayabeba na kuwauzia watu tusiowajua, halafu mimi na mzee wangu tunarudi nyumbani kunywa maziwa moto na kujiuliza huo utamu ukoje. Usicheke. Mambo ya kampuni na serikali ndivyo yalivyo, ukiyasema polepole yanachekesha.

Mimi ni Tryphosa, mke wa Josiah Ratemo, mzee wa kanisa. Wazungu walipoondoka upande huu wa Nyansiongo tulipata shamba kwenye skimu, yaani mashamba yao ambayo Serikali iliyagawa vipande, na mwaka wa sabini na moja, mwaka wa kisa hiki, tulikuwa na ng'ombe wachache wa maziwa na fahali mmoja aliyeitwa Gavana. Jina nilimpa mwenyewe. Alikula bila kulima, akipita wote mnampisha, na ukimtazama usoni anakutazama kana kwamba wewe ndiye mgeni. Alikuwa mweusi tititi, ila kwenye paji la uso alikuwa na doa jeupe lililoteremka hadi puani, utadhani kuna mtu alimmwagia maziwa.

Gavana alikuja kwetu kwa mahari. Binti yetu Persis aliolewa na Cleophas Machogu, na siku watu wa Machogu walipoleta ng'ombe, huyo fahali ndiye aliyetangulia. Na kwetu Wakisii ng'ombe wa mahari hawaketi wakazeeka. Ng'ombe wa dada ndio wanaomwolea kaka. Kwa hiyo wale wa Persis walikuwa wanamsubiri Ogari, mdogo wake, apate mchumba.

Naye alikuwa amempata. Orpah, binti ya Alfayo wa Gesima. Sasa Ogari wangu, Mungu amsaidie, si mzuri wa sura. Masikio yake yalianza kukua kabla yake. Orpah alimkubali hivyo hivyo, masikio na yote, na mimi mama yake nilijua bahati kama hiyo haibishi hodi tena. Alfayo alitoa neno lake: ng'ombe tuliokubaliana, na fahali juu yao. Fahali mzima, si maksai. Tukishindwa, kule Magwagwa alikuwepo mwalimu mmoja mwenye baiskeli na fahali, anamngojea Orpah kwa hamu.

Basi tukiwa katika furaha hiyo, tukaitwa mkutano kwenye kituo cha maziwa.

Aliyetuita ni mkubwa wa ofisi. Tulimwita Bwana Skimu, maana jina lake lilikuwa refu kuliko subira yetu. Alikuwa mtu wa mbali, hakujua hata neno moja la Kikisii. Akasimama, akapiga makofi, akasema, "Wananchi, zama za fahali zimekwisha!"

Tukatazamana.

Akaeleza kwamba Serikali sasa inayo mbegu ya fahali bora wa ng'ambo. Inakuja kwa vichupa, ndani ya mtungi wa baridi kali, na ng'ombe wako akitaka dume, unatundika kitambaa cheupe kando ya barabara, gari la skimu linasimama, kazi inakwisha. Kwa hiyo fahali wote wa kienyeji katika skimu watahasiwa mwezi ujao. Na kampuni ya maziwa imeungana na Serikali katika jambo hili: mtu akificha fahali, maziwa yake hayatapokelewa.

Nikainua mkono. Josiah akanivuta gauni, nikaliachia gauni livutwe.

"Bwana," nikasema, "huyo fahali wa chupa, mvua ikinyesha na gari likikwama, atakuja kwa miguu?"

Watu wakaangua kicheko.

"Mama, hii ni sayansi," akasema.

"Siikatai. Ndama wake nimewaona kwenye skimu jirani, ni wazuri kweli. Nauliza hivi tu: kama wa kwenu ni mzuri hivyo, kwa nini mnamwogopa wa kwangu? Si muwaache wote wawili, ng'ombe wachague?"

Mtu mkubwa akishindwa kukujibu humwita mtaalamu. Akasema, "Sasa mtaalamu wetu ataeleza kazi yenyewe inavyofanyika, hatua kwa hatua, ili mtoe hofu." Na mtaalamu akatoka nyuma ya gari, koti jeupe, mtungi mkononi. Loo! Cleophas! Mkwe wangu! Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuisomea kazi hiyo.

Hapa ni lazima nikueleze kitu, maana wewe ni wa siku hizi. Kwetu, kati ya mama na mume wa binti yake kuna haya kubwa, tunaiita chinsoni. Hatupeani mikono. Hatutaniani. Na mambo ya dume na jike, hata yawe ya kuku, hayatajwi mkiwa pamoja, achilia mbali kutazamwa. Ukiyataja umejivua nguo.

Na mimi nilikuwa safu ya mbele kabisa.

Cleophas akafungua kinywa. Akaniona. Akafunga. Akavua kofia, akaikunja, akaikunjua. Bwana Skimu akamhimiza, "Haya, waeleze. Kwanza mkono unaingia wapi?" Masikini mtoto wa watu! Jasho likamtoka hadi kwenye kola. Mwishowe akasema kwa sauti nyembamba, "Kwanza... kwanza tuombe."

Tukaomba. Alipomaliza akatueleza habari za kukarabati ua, akashuka. Bwana Skimu alikuwa amemkodolea macho. Nami nikatulia kwenye benchi langu nikiwaza, kumbe! Serikali ina gari, ina mtungi, ina kampuni nyuma yake. Lakini mikono yake ni ya mkwe wangu.

Nyumbani hapakukalika. Josiah alisema Mkristo huwatii wenye mamlaka, maana wamewekwa na Mungu.

"Na Gavana amewekwa na nani?" nikamuuliza.

"Mama Persis, usimtie Mungu katika mambo ya fahali."

"Wewe ndiye uliyemtia, siyo mimi. Nisikilize, Baba Persis. Leo fahali ni wangu, akitaka kazi hataki petroli. Kesho fahali yumo kwenye chupa, chupa imo kwenye mtungi, mtungi umo kwenye gari, na ufunguo wa gari umo mfukoni mwa mtu aliyekasirika kwa sababu nilimuuliza swali mkutanoni. Je, nitakwenda kumwangukia magoti ndipo ng'ombe wangu azae?"

"Hayo hayatatokea."

"Na Ogari je? Ataoa kwa kichupa?"

Ogari mwenyewe alikuwa ameketi pale, ugali wa wimbi mbele yake, hajaumega. Mtoto aliyekuwa akila hadi tunaficha sufuria! Akasema, "Mama, yule mwalimu juzi alinunua kengele mpya ya baiskeli." Nikaapa kimoyomoyo kwamba Gavana hataguswa, labda wanihasi mimi kwanza.

Gari la skimu lilikuja asubuhi ya Ijumaa. Persis alikuwa amefika mapema kunisaidia kupika kabla ya Sabato, yuko jikoni anachambua mboga za chinsaga. Niliposikia mngurumo nikachukua kigoda changu, nikaenda moja kwa moja zizini ambako Gavana alikuwa amefungwa kwenye nguzo, nikakaa nyuma yake. Nyuma yake hasa. Nikamimina mtama wangu kwenye ungo, nikaanza kupepeta.

Akashuka Bwana Skimu. Akashuka Cleophas, koleo la kuhasi mkononi, lile kubwa la chuma. Aliponiona nimeketi pale, koleo likaenda nyuma ya mgongo, mbio.

"Mama, habari za asubuhi," akasema huku akitazama mawingu.

"Nzuri, baba. Karibuni. Persis atawaletea maziwa."

"Tuna kazi," Bwana Skimu akasema. "Cleophas, anza."

Cleophas hakuanza. Alisimama kama nguzo ya pili.

"Mbona huanzi?"

"Bwana, huyu ni mama mkwe wangu."

"Hongera. Anza."

"Bwana, haiwezekani akiwa hapo."

"Basi mama ajisogeze."

"Mtama haupepetwi ndani," nikasema. "Utajaza nyumba makapi."

Bwana Skimu akasema sheria haijui mama mkwe. Akasema ataandika huko Nairobi kwamba maendeleo ya taifa zima yamezuiwa na ungo. Cleophas akimsihi kwa Kiswahili cha upole, na mimi nikiendelea, puu, puu, makapi yanatua kwenye koti la mtu. Mwisho uzalendo ukamshinda yule bwana, akamnyang'anya Cleophas koleo, akakunja mikono ya shati. "Nitafanya mwenyewe!"

Hapo sikuwa na mchezo tena. Nikauweka ungo chini. Kumwambia Cleophas moja kwa moja sikuweza, haya ilinifunga mdomo kama ilivyomfunga yeye. Basi nikamwambia fahali.

"Gavana," nikasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "uliletwa hapa na watu wa Machogu ukiwa mzima. Mtu akikupunguza, amepunguza mahari ya Persis. Na mahari iliyopunguka hurudishwa, na aliyeolewa kwa mahari hiyo hurudi kwao. Persis yuko hapo jikoni. Kitanda chake cha zamani bado sijakitoa."

Chinsaga ikaanguka jikoni na sufuria yake. Cleophas aligeuka rangi. Nilimwona akilitazama lile jiko, akalitazama koleo, akamtazama mkubwa wake aliyekuwa ameshainama. Kijana yule alimpenda binti yangu, hilo sikuwahi kulitilia shaka. Aliipenda pia kazi yake, maana wazazi wake waliuza kahawa yao yote asome.

Na wakati huohuo, langoni, tukasikia mtu anakohoa.

Alfayo wa Gesima! Yeye na wazee wenzake, fimbo mkononi, wamekuja kukagua ng'ombe wa mahari. Tulikuwa tumewatazamia Jumapili, lakini Alfayo alikuwa mtu wa kushtukiza. Alijua watu huazima fahali wa jirani siku ya ukaguzi. Akasimama akaona gari la Serikali, mtaalamu mwenye koti jeupe, na mkubwa mzima wa ofisi amepiga goti nyuma ya fahali, anamchunguza kwa makini.

"Aka!" Alfayo akasema, na macho yakamtoka. "Serikali pia imekuja kumkagua?"

Cleophas ndiye aliyewahi. Akamwendea Bwana Skimu, akasema kwa adabu, "Bwana, amri ni ya fahali walio katika skimu. Huyu anaondoka. Ni wa mahari, na mwenyewe ndiye huyu amefika."

"Anakwenda wapi?"

"Gesima," Alfayo akasema. "Kwangu."

Bwana Skimu akasimama, akajifuta vumbi la goti. Gesima haikuwa skimu. Gesima haikumhusu. Nilimwona anavyopiga hesabu zake: koleo, ungo, mama mkwe, na jua linapanda. "Basi aondoke leo," akasema. "Sasa hivi. Na nitahakikisha kwa macho yangu."

Alfayo alitaka kulia kwa furaha. Maisha yake yote hakuwahi kusikia mahari inayosindikizwa na gari la Serikali. Hakubishania ng'ombe hata mmoja, wala kwato, wala meno. Wakatoka langoni, Gavana mbele, wazee nyuma yake, na gari la skimu likiwafuata polepole hadi mpaka wa skimu, watu wametoka mashambani kushangaa. Orpah akawa wetu hapo hapo. Ogari alikula siku hiyo hadi tukaficha sufuria.

Nikacheka, nikapiga vigelegele, nikamcheka mzee wangu na mamlaka yake. Josiah akaningoja nimalize. Akaitazama ile nguzo iliyobaki na kamba tupu, akasema kwa upole wake, "Mama Persis, Serikali ilitaka pasiwe na fahali hapa. Sasa yuko wapi?"

Nikamrushia mwiko. Lakini neno lake lilinichoma, maana lilikuwa la kweli.

Tukawaoza watoto. Mvua za masika zikaingia. Ng'ombe wangu mweupe akaanza kulia, anataka dume, na katika skimu yote hapakuwa na fahali hata wa dawa. Nikatundika kitambaa changu cheupe, mimi Tryphosa niliyeuliza lile swali! Gari likaja. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikageukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa, ili Cleophas afanye kazi yake huko nje bila kunivunjia heshima. Ng'ombe hakushika mimba. Mwezi uliofuata nikatundika tena. Gari halikuja. Barabara ilikuwa tope tupu, na Persis akanidokeza kwamba hata mtungi wenyewe umekauka, baridi yake haijaletwa kutoka Nairobi. Kampuni nayo haikutaka kujua habari za mtungi. Ilituma ujumbe kwamba maziwa yetu yamepungua, tujitahidi.

Tujitahidi! Mimi na nani?

Ng'ombe alipolia tena, sikutundika kitambaa. Nilimfunga kamba alfajiri, nikavaa gunia kichwani, nikashika njia ya Gesima.

Nilipofika kwenye daraja la magogo, nikaona mbele yangu mtu mwenye gunia kichwani kama mimi, anavuta ng'ombe wa rangi ya kahawia. Ng'ombe analia. Mtu akageuka.

Cleophas.

Hana koti jeupe, hana mtungi. Tukatazamana katika mvua ile. Ee Mungu wangu, maneno yaliyonijia kinywani! Miezi yote hiyo nilikuwa nimeyatafuta, na sasa yalikuja yote kwa pamoja, matamu, yenye chumvi. Mtaalamu! Sayansi! Na siwezi kusema hata moja.

"Mama, mvua ni nyingi," akasema.

"Ni nyingi, baba."

"Unamtembeza ng'ombe?"

"Ananyoosha miguu. Na wako?"

"Naye ananyoosha."

Tukaandamana hivyo hadi Gesima, yeye upande huu wa njia, mimi upande ule, tukizungumza habari za mvua, za viazi, za kwaya ya kanisa. Ng'ombe zetu wakilia kwa zamu na sisi hatuwasikii. Alfayo akatufungulia lango. Akatazama ng'ombe mmoja, akatazama wa pili, na kwa kuwa yeye naye ni mkwe wangu na haya ni ile ile, akasema tu, "Karibuni maziwa, mmelowa." Tukaketi barazani tukinywa maziwa. Nyuma ya nyumba Gavana anafanya kazi yake, nasi tunapandisha sauti kuhusu viazi.

Mwaka uliofuata tukaitwa tena kituo cha maziwa. Safari hii Bwana Skimu alikuwa na wageni, wakubwa wa kampuni wenye viatu vinavyong'aa, na alitaka kuwaonyesha maendeleo. Akasema mtaalamu wake mwenyewe ameleta ndama, mfano wa kuigwa na skimu nzima. Akaletwa ndama jike, mnene, ana afya. Mweusi tititi. Kwenye paji la uso doa jeupe, limeteremka hadi puani.

Watu wakaanza kukohoa. Kila mtu pale alimjua Gavana. Bwana Skimu naye alikuwa amemwona, lakini siku ile alikuwa akimtazama upande wa pili.

"Huyu ndiye mtoto wa chupa!" akatangaza. Wageni wakapiga makofi. "Yule mama aliyekuwa akitupinga mwaka jana, yupo? Mama Persis, simama. Unalo swali leo?"

Nikasimama. Josiah akanivuta gauni. Swali nilikuwa nalo. Lilikuwa limenikaa kooni tangu daraja la magogo, na wale wenye viatu walistahili kulisikia kuliko mtu yeyote. Nikamtazama ndama. Kando yake alisimama Cleophas, amevua kofia, anaikunja, anaikunjua. Hakunitazama. Aliniachia tu, nifanye nitakavyo. Nikamkumbuka asubuhi ile zizini, na yule bwana amepiga goti, na koleo limefunguka, naye akatamka lile neno lililomwokoa Gavana. Nikamwona Orpah nyuma ya benchi, mtoto mgongoni, masikio ya mtoto hayo.

"Sina swali, Bwana," nikasema. "Naona tuombe."

Wote wakainama. Josiah akaomba, na Josiah akiomba haombi kidogo. Akamshukuru Mungu kwa Serikali, kwa kampuni, kwa mtungi. Mimi nilikuwa nimefumba macho, mabega yananitikisika, machozi yananitiririka hadi kidevuni. Baadaye mgeni mmoja wa kampuni alikuja kunishika mkono, akasema hajawahi kuona mama aliyeguswa na maendeleo kiasi kile.